Chungu Kisichoomba Maji

Marehemu baba yangu alikuwa mpishi. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu kwetu Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, mwanamume kujulikana kwa upishi lilikuwa jambo la kuchekesha, lakini yeye hakuliona haya hata kidogo. Aliondoka nyumbani akiwa kijana, kama walivyoondoka vijana wengi wa kusini miaka ile, akaenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge huko Kilosa. Baada ya misimu miwili ya kukata mkonge alichukuliwa kufanya kazi jikoni, katika nyumba ya Mgiriki mmoja mwenye shamba. Huko alikaa miaka kumi na kitu.

Msomaji wa leo huenda akashangaa kusikia habari za Wagiriki wa Tanganyika. Walikuwako, tena si haba. Walilima mkonge na kahawa Kilosa, Tanga, Moshi na Arusha. Mtu akipita Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, atakuta jengo la Arnautoglu, lililopewa jina la George Arnautoglu, Mgiriki aliyetajirika kwa mkonge. Kisha katika miaka ya 1960 bei ya mkonge ilianguka, kwa kuwa ulimwengu ulikuwa umepata kamba za nailoni. Na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa. Wengi wao wakaondoka. Baba naye akarudi nyumbani, akiwa na sanduku la bati, mablanketi mawili, na namna ya kupika mboga ambayo hakuna mtu kijijini kwetu aliyepata kuiona.

Aliiita biriamu, na nadhani alilitamka jina hilo kwa Kimakonde zaidi kuliko kwa Kigiriki. Hupikwa hivi. Biringanya hukatwa vipande vinene, hunyunyiziwa chumvi, na kuachwa zitoe maji yake machungu. Viazi mbatata, vitunguu, pilipili hoho na boga changa hukatwa vivyo hivyo. Nyanya zilizoiva hasa, zile ambazo zikikaa siku moja zaidi zitaharibika, hupondwa pamoja na vitunguu saumu. Vyote hupangwa katika chungu, kisha humiminiwa mafuta, si kwa kijiko bali kwa kikombe. Wagiriki hutumia mafuta ya zeituni. Baba alitumia ya ufuta, kwa sababu ufuta ndio tuliokuwa nao. Chungu hufunikwa, hutiwa makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, na kuachwa kwa saa moja na nusu au zaidi. Hakuna kukoroga. Chakula hicho hakiliwi kikiwa cha moto. Husubiriwa kipoe, kikakamuliwa limau, kikaliwa kwa mkate. Sisi tulikila kwa ugali wa muhogo. Baada yake huliwa matunda tu: vipande vya papai, au tikiti, au bibo lililookotwa asubuhi likiwa bado na baridi ya usiku.

Wakati mwingine badala ya biringanya alitia bamia, na hapo alipenda kutuambia kwamba Mgiriki na Mmakonde wanaelewana kwa neno moja tu duniani. Wao pia huita bamia, au karibu na hivyo. Neno lilitoka kwa Waarabu likasafiri kaskazini na kusini mpaka likatufikia sote.

Lakini jambo alilolisifu kuliko yote ni hili: chungu hiki hakitiwi maji. Hata tone. Mboga hupikika kwa mafuta na kwa maji yaliyomo ndani yake zenyewe. "Hiki ni chakula chetu hasa," alikuwa akisema. "Wagiriki wamekosea tu kukivumbua wao. Chungu kisichoomba maji kilipaswa kuzaliwa hapa."

Mtu asiyetoka kwetu hawezi kuelewa uzito wa maneno hayo mpaka aelezwe habari ya maji. Uwanda wetu uko juu, na udongo wake ni wa kichanga. Mvua huja kwa msimu mmoja, toka Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Nayo ikinyesha huzama chini moja kwa moja, ikaenda kutokea mabondeni. Juu hakuna mto wala kijito. Mama zetu waliteremka mitelemko mirefu alfajiri na kupanda tena na mtungi kichwani, na mtoto aliyemwaga maji alichapwa kuliko mtoto aliyeiba. Tangu miaka ya 1950 yamejengwa mabomba yanayosukuma maji kutoka chini, na yamewapunguzia wengi taabu hiyo. Ila kitongoji chetu kiko mbali na mstari wa bomba. Sisi bado tunaishi kwa maji ya mvua tunayoyakinga mapaani, na yakiisha, tunanunua kwa wanaoyaleta kwa baiskeli au pikipiki.

Mimi sikuwa mpishi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilipostaafu nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilinunua simtanki la lita 10,000 na kulifungia mifereji ya bati. La pili, nilianzisha bustani nyuma ya nyumba: nyanya, biringanya, hoho, bamia, na mlimau mmoja. Nilitaka kula biriamu wakati wa kiangazi, ambapo mboga za mvua zimekwisha na watu wengi wanakula kisamvu na majani ya kunde yaliyokaushwa. Nilitaka vilevile, sitaficha, kuonekana kuwa mtu mwenye bustani.

Wakati huo huo nilikuwa nikisoma habari za wanafalsafa wa kale, na mmoja alinivutia kwa sababu alionekana kunitetea. Jina lake Epikuro. Alizaliwa katika kisiwa cha Samos mwaka 341 kabla ya Kristo, na alipofika umri wa miaka 35 hivi alinunua bustani huko Athens, akaishi na kufundisha humo pamoja na rafiki zake, mpaka shule yake yenyewe ikaitwa Bustani. Humo waliingia wanawake na watumwa, jambo lililowaudhi wengi. Watu wamemsingizia kuwa mlafi, na mpaka leo katika lugha za Ulaya jina lake hutumika kwa mtu apendaye vyakula vya fahari. Kumbe alikula mkate na maji, na kipande cha jibini kwake kilikuwa karamu. Alifundisha kwamba raha ni jambo jema, ila raha ya kweli ni ndogo na rahisi kuipata: usiwe na njaa, usiwe na hofu, uwe na rafiki wa kula naye.

Nilifurahi mno. Nilijiona kuwa mwanafunzi wake wa uwanda wa Makonde: bustani yangu, chungu changu, limau langu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka mmoja mvua zilichelewa. Katikati ya Novemba mawingu yalikuja yakaondoka. Mabibo yalikuwa yamejaa chini ya mikorosho, na maji hakuna. Siku hiyo nilikuwa peke yangu, mke wangu akiwa Newala akimwuguza dada yake, na nilikuwa nikitazamia wageni: wanafunzi wangu wawili wa zamani, sasa watu wazima wenye vyeo, waliokuwa wakipita kwa shughuli za korosho. Niliwaahidi biriamu. Alasiri nilikuwa bustanini nikimwagilia, ndipo nikasikia hodi.

Alikuwa mjukuu wa jirani yangu, msichana wa miaka tisa au kumi, na ndoo tupu mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Bibi anaomba ndoo moja ya maji. Mama amejifungua juzi, na mwenye baiskeli leo hakuja."

Nililitazama tangi. Nilijua kilichokuwamo, kwa kuwa kila Jumapili nilipima kwa ufito. Zilikuwa zimebaki ndoo 80 hivi. Bustani ilikuwa ikinywa ndoo 2 kwa siku, na sisi watu wawili ndoo 1. Nilipiga hesabu upesi upesi, kama anavyopiga mwalimu: ndoo 80 kwa ndoo 3 ni siku 26, mvua huenda isinyeshe mpaka Desemba iishe, na nikimpa huyu leo kesho atakuja mwingine. Kisha nikasema:

"Mwambie bibi tangi limefika kwenye tope."

Mtoto hakujibu mara moja. Alitazama chini, penye mashina ya nyanya, udongo ukiwa mweusi kwa unyevu. Halafu akasema, "Haya babu," akaondoka.

Wageni wakaja. Biriamu ilipikika vizuri kuliko siku zote. Mafuta yalikuwa yamepanda juu, mekundu kwa nyanya. Niliwasimulia habari za baba, nikawaeleza kwamba chungu hiki hakiombi maji, wakacheka na kukisifu. Nikawasimulia pia habari za Epikuro na bustani yake. Nilikuwa katikati ya maneno hayo nilipokumbuka ule udongo mweusi, nikatambua kwa mara ya kwanza jambo ambalo baba hakupata kulisema, pengine kwa sababu kule Kilosa halikuhitaji kusemwa. Chungu hakikuomba maji kwa kuwa bustani ilikuwa imekwisha kuyanywa. Zile nyanya zilizokuwa zikitoa maji yake ndani ya chungu zilikuwa zikitoa ndoo ya jirani yangu.

Asubuhi nilifanya kile wanachofanya watu wengi wenye aibu: nilipeleka zawadi. Nilijaza bakuli biriamu iliyobaki, nikaifunika kwa sahani, nikaenda mwenyewe. Yule mama ni mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa. Nilimwamkia, nikampa hongera ya mjukuu, nikampa bakuli. Alinishukuru kwa heshima zote. Hakuonyesha kinyongo. Nikarudi nyumbani nikiwa nimepungukiwa na mzigo kidogo.

Jioni alinirudishia bakuli yeye mwenyewe. Kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu, na yeye alikuwa ametia mbaazi kavu mpaka nusu. Alisema:

"Mwalimu, chakula chako kitamu. Tumekula sote, hata mzazi. Lakini jana tulikuwa tunataka maji."

Basi. Hakuongeza neno. Niliingia ndani nikachukua ndoo mbili, nikazijaza, nikambebea mpaka kwake. Akapokea moja. Ile ya pili akaisukuma upande wangu kwa mguu, taratibu.

"Niliomba ndoo moja," alisema.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo mawili ya mama yule, na nimeona kuwa yanasema jambo moja. Nilimpa chakula alipotaka maji, na nilimpa ndoo mbili alipotaka moja. Mara zote mbili nilitoa kwa kipimo changu. Mara ya kwanza nilipima kwa kile kilichonizidi, mara ya pili nilipima kwa aibu yangu. Hitaji lake, lililokuwa wazi na dogo, halikuingia katika hesabu hata mara moja.

Najua utetezi ulioko, kwa sababu nimejitetea nao usiku mwingi. Tangi ni jasho langu. Nilinyima tumbo miaka ili nilinunue. Wahenga walisema akiba haiozi. Wagiriki hao hao wameipa dunia hekaya ya sisimizi aliyeweka akiba na panzi aliyeimba, na hatumlaumu sisimizi. Tena, kama ningempa kila aliyeomba, tangi lingekauka kwa juma moja, na wote tungekuwa sawa kwa kiu. Haya si maneno ya upuuzi. Mtu asiyeweka akiba mwisho huwa mzigo kwa aliyeweka.

Upo na utetezi mwingine, ambao watu wa rika langu tunaunong'ona. Katika miaka ya 1970, tulipokusanywa katika vijiji, tuliambiwa tugawane kila kitu kwa amri. Wengi wetu hatukujifunza kugawana, tulijifunza kuficha. Mtu alikuwa na gunia la mbaazi chini ya kitanda huku akilia njaa mkutanoni. Tangu hapo nimekuwa na mashaka na kila anayehubiri ugawaji.

Hata hivyo, tetezi hizi zote mbili hazinifikii pale nilipokosea. Sikumwambia mtoto kwamba akiba yangu ni ndogo, kwamba naogopa Desemba. Hilo lingekuwa neno la kweli, na bibi yake, mwanamke aliyezeeka juu ya uwanda usio na maji, angelielewa kuliko mimi. Niliongopa. Niliongopa kwa sababu nilijua kuwa nikiisema hesabu yenyewe kwa sauti, ndoo 2 za bustani zingesikika. Nadhani hapo ndipo palipo mpaka kati ya akiba na choyo. Hesabu ya akiba mtu anaweza kumsomea jirani yake, ila hesabu ya choyo ni lazima aifiche.

Miezi michache baadaye nilikuta habari nyingine ya Epikuro, iliyoandikwa na Plutarko miaka mia nne hivi baada yake. Katika miaka ya 290 kabla ya Kristo mji wa Athens ulizingirwa na jeshi la Demetrio, na njaa ikawa kali. Yule mwanafalsafa wa raha alikuwa na maharage ndani ya bustani yake. Plutarko anaeleza kwamba aliwaokoa watu wake kwa kuyahesabu maharage hayo, akigawa punje kwa punje miongoni mwao.

Nilipoisoma habari hiyo nililikumbuka lile bakuli la mbaazi, nikaona jinsi nilivyomsoma mtu huyu vibaya. Nilikuwa nimechukua bustani yake, nikaiacha hesabu yake. Mtu aliyeshiba anaweza kutoa sana bila kujihesabu. Hutoa kilicho nje ya sahani yake. Ila anayehesabu punje za maharage ni lazima aweke na yeye jina lake katika orodha, apate idadi ile ile, alale na njaa ile ile. Tunasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na ni kweli. Lakini kipo kitu kigumu kuliko kutoa, nacho ni kujitia mwenyewe katika mgawo.

Je, basi bustani ni kosa? Katika nchi yenye kiu, mtu afute nyanya zake? Nimelifikiria hilo pia, na sidhani hivyo. Baba alipika biriamu katika kijiji cha watu maskini, nao walicheka na kula, na kicheko kile kilikuwa sehemu ya maisha yao kama ugali. Watu wasio na kitu kitamu cha kungojea wakati wa kiangazi hawawi wema zaidi kwa sababu hiyo. Tena tangu utoto wetu ilikuwapo sheria moja nzuri ya mikorosho: mpita njia mwenye njaa huruhusiwa kula bibo la shamba la mtu, mradi aiache korosho chini kwa mwenye shamba. Tunda ni la kinywa cha yeyote, mbegu ni mali ya mwenyewe. Sheria hiyo haikatazi mali wala utamu. Inasema tu kwamba mali iwe na upande ulio wazi, ambao jirani anaweza kunyoosha mkono bila kuitwa mwizi na bila kuombea chini.

Nimejaribu kuiweka sheria hiyo kwenye tangi langu. Mvua zikikatika nalipima kwa ufito, naongeza mwezi mmoja juu ya siku ya kutazamia mvua mpya, nikagawa. Kwanza nahesabu vichwa vya nyumba mbili, yangu na ya mama yule. Bustani nimeipunguza mpaka mashina 6 ya nyanya, 4 ya biringanya, na bamia chache ambazo huvumilia jua. Hunywa maji yaliyooshea vyombo na kufulia, na mwaka ukiwa mbaya huachwa zikauke. Biriamu tunaipika mara chache kuliko zamani. Imekuwa chakula cha nyumba mbili, na mama yule ameongeza mbaazi mbichi ndani yake. Baba angekasirika kidogo, kisha angeomba sahani ya pili.

Yule msichana sasa ni mkubwa. Haji tena kuomba. Hufungua koki mwenyewe, akajaza ndoo yake, akachora mstari mmoja wa mkaa ukutani, upande wa kushoto. Sisi huchora upande wa kulia. Ukuta unasomeka na kila apitaye.

Nisingependa msomaji adhani kwamba nimekuwa mtu mwema. Mwaka wa mvua nzuri ukuta ule ni mchezo tu. Miaka ile mawingu yanapokuja na kuondoka, mara nyingine hujikuta nimesimama mbele yake jioni, nikihesabu mistari ya kushoto kabla ya kuhesabu ya kulia.